Mwanzo Sikuusikia

Ijumaa, 4 Julai 1958

Daftari hili lilikuwa la imla la binti yangu Lydia. Ametumia kurasa tatu, akapewa jingine, na mimi nimerithi zilizobaki. Sijawahi kuandika mambo yangu tangu nizaliwe, lakini mguu wa kulia umefungwa plasta toka gotini hadi vidoleni, na hospitali ya misheni imesema nikae hivyo mpaka mwezi wa nane. Nilianguka kutoka juu ya mgrivea, mti wetu wa kivuli, nikipunguza matawi yanayoinyima kahawa mwanga. Msimu wa kuchuma ndio huu umeanza, na mimi nimewekwa kitini kama bibi harusi.

Leo chama chetu cha kahawa kimenipa kazi. Kimenunua redio. Ni ya bati, ya mviringo, rangi ya buluu, ukiiona kwa mbali utadhani mtu kasahau sufuria juu ya meza. Inatumia betri moja kubwa, nzito kama tofali. Mwenyekiti, Mzee Sumari, alinipa masharti akiwa amesimama. Niiwashe saa kumi na mbili jioni, nisikilize taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam na mazungumzo ya wakulima yanayofuata, niizime. Kisha nijikongoje hadi kwenye mashine ya kumenya kahawa, pale chini kwenye mfereji, niwaeleze watu kwa Kimeru yote niliyosikia. Wengi huku kilimani wana Kiswahili cha sokoni, lakini cha redio kinawapita. Betri hiyo moja itufikishe mwisho wa msimu.

“Hiyo si yako, Nathanaeli,” aliniambia. “Hayo ni masikio ya watu wote.”

Jumamosi, 5 Julai

Ukungu. Nimetoa taarifa yangu ya kwanza. Waliniuliza yule anayesema ni mnene au mwembamba. Nikasema mnene. Sijui kwa nini.

Jumanne, 8 Julai

Kukaa kwenye gogo pale kwenye mashine kumenionyesha jambo ambalo nilipokuwa na miguu miwili sikulitazama. Kwetu kila nyumba huja na kahawa yake mbivu na mkono wake, yaani mtu wake wa kuzungusha gurudumu la mashine. Aliyeleta mkono anamenya, anaosha mferejini, anaondoka. Mama Elinaza hana mkono. Jina lake ni Hanna, mjane wa miaka sitini hivi, na mwanawe Elinaza yuko Tanga kwenye mkonge. Huja na debe lake kichwani mapema kuliko wengi, husimama pembeni, na hasemi neno. Wote wakimaliza ndipo mmoja anapomzungushia, akiwa amechoka na ameshaanza kulalamika juu ya giza. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa mmoja wa wanaolalamika.

Ameniambia mwaka huu kahawa yake imezaa kuliko wakati wowote tangu mumewe afe. Anataka kuondoa majani juu ya nyumba aezeke mabati kabla ya mvua za vuli.

Jumapili, 13 Julai

Leo nimetenda kosa, na nitaliandika lote kwa sababu lilikuwa tamu.

Tabea, mke wangu, alikwenda kanisani na watoto. Mimi na mguu wangu tulibaki. Nilijiambia niwashe kidogo tu nisikie kama redio nayo ina ibada. Ilikuwepo, ya madhehebu mengine, na mhubiri alimaliza upesi kuliko mchungaji wetu, jambo ambalo sitamwambia mtu. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitufe mtangazaji aliposema yanafuata mazungumzo ya akina mama. Nikataka kujua akina mama wa Dar es Salaam wanaambiana nini. Walikuwa wanafundishwa kumwogesha mtoto mchanga. Nina watoto watano na sijaogesha hata mmoja. Sasa najua kwamba maji hupimwa kwa kiwiko wala si kwa kiganja, maana kiganja cha mtu mzima kimezoea moto.

Baada ya hapo sikuzima tena. Zilisomwa meli zilizotia nanga bandarini na mizigo zilizobeba. Bwana mmoja alieleza kwa nini mwezi hupatwa, na nilielewa mpaka katikati. Zikaja salamu: mtu wa Mtwara alimsalimu mjomba wake wa Musoma na majirani wa mjomba, mmoja mmoja kwa jina, na mimi nikawasikiliza wote nikingoja asikike Mmeru. Hakusikika. Wazee wawili walibishana kama kijana achague mchumba mwenyewe. Nilikuwa upande wa huyu, kisha wa yule. Ukafuata mchezo wa mtu aliyeficha sufuria ya nyama uvunguni wageni wasiione, na wageni wakagoma kuondoka. Nilicheka hadi mguu ukauma ndani ya plasta. Kwenye vitendawili vya watoto nilishindwa vinne nikapata kimoja.

Halafu wakataja kina cha maji ya mto Rufiji. Sina shamba Rufiji wala mto huo sijauona, lakini niliposikia maji yameshuka na watu watapanda, niliwafurahia. Nikatambua kwamba redio haisemi na sisi peke yetu. Inasema na kila mtu kwa zamu yake, na wengine tunasikiliza zamu ya jirani.

Tabea alirudi akaniuliza nilishindaje. Nikamweleza habari ya kiwiko. Akasema hilo amelijua tangu Lydia azaliwe, na ningemuuliza angeniambia bila kumaliza betri ya chama.

Jumatano, 16 Julai

Mchana, kidogo tu. Walikuwa wanaeleza jinsi ya kuandika barua kwa mtu mkubwa.

Jumapili, 20 Julai

Tena. Kutwa.

Alhamisi, 24 Julai

Tena. Tabea ameacha kuniambia. Mtu akiacha kukuambia ni vibaya zaidi.

Kwenye mashine wameanza kuniita Bwana Redio. Wananisogezea gogo nikae. Hata Mzee Sumari, ambaye hamsikilizi mtu, huzuia gurudumu ninapoanza kusema. Sitasema uongo, napenda.

Jumanne, 29 Julai

Sauti imekuwa nyembamba. Nimeigeuza redio huku na huku, nimepiga betri kofi, haikusaidia. Tumo mwezi wa kwanza tu wa msimu. Watu wote wakijua, watajua pia kwa nini.

Jumatano, 30 Julai

Nimesikia kwamba betri ikiota moto hupata nguvu, basi mchana nimeiweka karibu na mafiga. Saa kumi na mbili ilifika ikiwa bado baridi upande mmoja, nikangoja. Nilipowasha, taarifa ya habari ilikuwa imekwisha na mazungumzo ya wakulima yako katikati. Mzungumzaji alikuwa akisema kahawa usiimenye. Uianike nzima na ganda lake, uigeuze mara kwa mara, mpaka ukiitikisa usikie punje zinagonga ndani. Alisema ndiyo njia iliyo nyepesi kwa mkulima na inayofaa kahawa hiyo. Kisha sauti ikazama kabisa.

Nimeshangaa sana. Tangu baba zetu waanze kahawa tumekuwa tunamenya, tunavundika, tunaosha. Labda wataalamu wamegundua jambo jipya. Nimewaeleza watu kama nilivyosikia. Mzee Sumari alicheka akasema redio hiyo haijawahi kuchuma, na gurudumu likaendelea kuzunguka.

Alhamisi, 31 Julai

Mama Elinaza amekuja nyumbani asubuhi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Aliniuliza kama ni kweli redio imesema kahawa ianikwe bila kumenywa. Nikasema ni kweli. Akatazama mikono yake, akauliza mara ya pili.

“Baba Lydia, wewe mwenyewe umesikia?”

“Nimesikia kwa masikio yangu, mama.”

Akashukuru. Alipokuwa anaondoka niliona anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na mimi nilijisikia vizuri, kwa kuwa nilimletea mjane kitu chepesi kutoka Dar es Salaam.

Jumatatu, 4 Agosti

Ukungu. Redio hunipa dakika kumi, kumi na tano nikiipasha vizuri. Kinachopungua nakijazia mwenyewe, maneno ya kawaida, mvua, serikali, bei.

Alhamisi, 7 Agosti

Mama Elinaza haji tena kwenye mashine. Mtu mmoja alisema sasa tunamaliza mapema. Wengine walicheka kidogo. Mimi nilisema yeye ndiye aliyeelewa mambo ya kisasa.

Jumanne, 12 Agosti

Ukungu tangu asubuhi, mlima haujaonekana siku ya sita. Tabea alipita kwa Mama Elinaza, anasema ameanika kahawa kwenye mikeka minne nyuma ya nyumba na kila jioni anaingiza ndani peke yake. Aliniuliza kama redio ilisema lolote juu ya ukungu. Nikamjibu kwa ukali kwamba redio inajua kuliko sisi sote. Baadaye nikajiuliza nilikuwa namkasirikia nani.

Jumamosi, 16 Agosti

Ukungu.

Jumatano, 20 Agosti

Leo nimekatwa plasta. Mguu umetoka mweupe na mwembamba, hata sikuutambua. Lori la chama lilikuwa linashuka mjini, nikapanda ili ninunue betri kwa siri. Tulipita Moshono, jua linawaka huko chini kana kwamba ni nchi nyingine. Nilikwenda Ngarenaro kwa Mikidadi, mtu wa Tanga mwenye duka la taa, betri na baisikeli. Yeye redio yake haizimwi, imekaa juu ya kabati inasema tangu asubuhi, naye anapima misumari huku akiibishia.

Tukaongea vipindi. Kumbe na yeye alimcheka yule mwenye nyama ya uvunguni. Nikafurahi kupata mtu wa kuongea naye mambo hayo, nikamwambia yaliyonishangaza kuliko yote yalikuwa yale ya kuanika kahawa nzima, na kwamba huku kwetu kuna mama ameshaanza.

Mikidadi aliacha kupima. “Yale? Yale si yenu, Bwana Nathanaeli. Yule bwana alianza kwa kusema, leo tunaongea na wakulima wa Bukoba. Kahawa yao ni nyingine na jua lao ni jingine. Alirudia mara mbili.”

Nilimwambia mwanzo sikuusikia. Akasema pole, akanifungia betri kwenye gazeti.

Lori lilipokuwa linapanda kurudi, tuliingia tena kwenye ukungu pale pale tulipouacha. Niliipakata betri mpya na sikutaka tufike.

Sikusema kitu kwenye mashine.

Alhamisi, 21 Agosti

Sijasema. Ukungu.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimekwenda. Kutoka kwangu hadi kwa Mama Elinaza ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja, lakini kwa mkongojo na kwa aibu nilitumia nusu saa.

Harufu ilinipokea kabla yake, harufu ya ndizi zilizooza. Alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka anageuza kahawa kwa mikono. Juu ilikuwa nyeusi. Chini, alipogeuza, ilikuwa na ukungu mweupe kama wa mkate wa zamani. Mikeka yote minne. Mavuno ya wiki tatu, zile za kahawa nyingi kuliko zote.

Nilimwamkia nikabaki nimesimama. Nikamwambia maneno yale hayakuwa yetu, yalikuwa ya watu wa Bukoba, nami niliyadaka katikati. Hakuacha kugeuza.

“Pua yangu iliniambia tangu wiki iliyopita,” alisema. “Lakini nikasema hapana, Baba Lydia amesikia kwa masikio yake.”

Ningependa angenipiga. Akaniuliza mwanzo wa maneno uliniponyoka vipi, na nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote: betri kwenye mafiga, Jumapili zangu, kiwiko, mwezi unaopatwa, salamu za Mtwara, mto Rufiji. Nilieleza kwa muda mrefu kwa sababu niliogopa kufika mwisho. Nilipomaliza alikaa chini kabisa kwenye mkeka, juu ya kahawa yake iliyoharibika.

“Na yule aliyeficha nyama,” alisema, “alikamatwa?”

Nikasema alikamatwa, mbwa wa wageni ndiye aliyeingia uvunguni. Aliinamisha kichwa na mabega yakatikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Mimi nilikuwa nalia.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimesema mbele ya wote kwenye mashine. Nimesema na habari ya betri, na kwamba nyingine nimenunua mimi. Hakuna aliyenisogezea gogo. Mzee Sumari alisema redio itachukuliwa apewe mtu mwingine, mtu mwenye kiasi, na wengi waliitikia. Nilikubali. Nilikuwa nimeileta kabisa, imefungwa kwenye kitenge cha Tabea.

Mama Elinaza alikuwa amesimama pembeni, mahali pake pa siku zote. Alikuja hadi kwenye gurudumu. Sijawahi kumsikia akisema mbele ya watu, na alisema polepole.

“Redio ikae kwangu. Nathanaeli aje kila jioni kabla ya saa, tuiwashe wote wawili, anieleze kwa Kimeru tangu neno la kwanza, ndipo aje kuwaeleza ninyi.”

Mzee Sumari akamuuliza kwa nini anamtaka tena mtu huyo huyo aliyemharibia.

“Kwa sababu yeye sasa anaogopa,” alisema. “Na lawama ya kahawa yangu, msimwekee yeye peke yake. Mimi nilikuwa najua kumenya kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Niliamini yale maneno kwa kuwa nilichoka kusimama mwisho.”

Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nilidhani Mzee Sumari atakasirika, kumbe sikumjua vizuri, maana alivua kofia na hakuivaa tena mpaka tulipoondoka.

Jumatatu, 25 Agosti

Debe la Mama Elinaza limemenywa la kwanza. Mzee Sumari mwenyewe ameshika gurudumu.

Jumanne, 2 Septemba

Jua. Mlima umeonekana wote mpaka kileleni. Sasa mimi ndiye mkono wa Mama Elinaza. Nazungusha nimekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa mbele, na watoto wanakuja kunitazama.

Jumapili, 14 Septemba

Nimepita kwa Mama Elinaza baada ya ibada, nikasikia sauti ndani. Redio ilikuwa inasema, naye amekaa mbele yake mikono mapajani. Ati aliwasha kidogo tu aone kama inafanya kazi. Aliniuliza yule mama anasema nini. Nikamwambia anafundisha kufunga kidonda. Tulisikiliza mpaka mwisho, kisha akazima mwenyewe na kuniambia hilo lisifike kwa Mzee Sumari.

Ijumaa, 26 Septemba

Sasa ni mchezo wa kilima kizima. Mtu akileta habari yoyote, kwamba fulani ameposa au ng’ombe wa fulani amezaa pacha, anaulizwa kwanza kama mwanzo ameusikia. Jumapili mzee wa kanisa alitangaza siku ya mavuno, na nyuma kwenye mabenchi ya vijana mtu akauliza swali hilo hilo kwa sauti ya chini. Mchungaji alijifanya hakusikia. Tabea alicheka hadi akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumepeleka kahawa ya Mama Elinaza kwenye ghala la chama. Iliyooshwa, ile ya tangu mwisho wa Agosti, mpokeaji aliichota akaimwaga kiganjani, akaitazama, akaitia kwenye fungu la nzuri. Ilikuwa magunia machache. Ile ya mikeka aliinusa tu, akasogeza gunia kwa mguu hadi kwenye kona ya buni, mahali pa kahawa duni isiyo na jina. Mama Elinaza alitazama gunia likisogezwa. Nilitaka kusema kitu, akaniambia kwa upole nisiseme.

Jumamosi, 8 Novemba

Mabati yamepigwa jana na leo. Yametosha upande wa mbele, ule wa sebule. Upande wa nyuma, anakolala, umebaki na majani yake ya zamani. Nimeshikilia ngazi kutwa na sikuweza kutazama juu, kila bati lilipoisha nilijua lililokosekana liko wapi. Yeye alikuwa akipita na maji ya kunywa kwa mafundi akisema sebule ndiyo inayoonekana na wageni.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua ya vuli imeanza leo saa kumi na moja na nusu. Nilikwenda kwa Mama Elinaza nikiwa nimelowa, nikamkuta ameshaweka redio mezani na viti viwili. Mvua ikaongezeka. Juu ya mabati mapya ilikuwa kelele tupu, hata shikamoo yangu hakuisikia, na saa kumi na mbili ilikuwa inakaribia. Aliinua kichwa akayatazama mabati yake kwa muda, akafurahi nayo, nikaona kabisa kwamba anafurahi. Kisha akaibeba redio kifuani, akaniashiria nichukue viti, tukahamia chumba cha nyuma, chini ya majani, ambako mvua haina sauti. Palikuwa panavuja karibu na mlango. Akaweka bakuli pale, akakaa, akanisukumia redio.

“Washa,” alisema. “Bado hawajaanza.”